Moyo wa Aliyekula Chumvi Nyingi

Mama yangu ana miaka 84. Anaishi nasi Chamazi, na kila asubuhi baada ya sala hutoa kigoda chake nje, akakaa chini ya mwembe akichambua mboga. Jumapili moja mwaka jana, binamu yangu alitoka Tegeta kuja kumjulia hali, akamletea zawadi ya kopo la vidonge. Kopo lilikuwa na picha ya moyo mwekundu na neno antioksidanti kwa herufi kubwa. Alilinunua kwa shilingi 150,000 kwa mtu aliyepita ofisini kwao akiuza virutubisho, akaambiwa kwamba vidonge hivyo vinasafisha mishipa, vinarudisha nguvu za moyo na vinamfaa zaidi mzee aliyevuka miaka 80. Binamu yangu hakuwa na nia mbaya hata chembe. Anampenda shangazi yake.

Wiki tatu baadaye nilimpima mama presha, mashine ikasoma 192 kwa 98. Nikafungua kikapu chake cha dawa, nikakuta vidonge vyake vya presha, amlodipini, vya mwezi mzima vimebaki zaidi ya nusu.

"Mama, mbona hizi hujazimeza?"

Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, si nimeletewa za moyo? Nimeona nisichanganye."

Hakukosea kufikiri. Aliyekosea ni yule aliyemwuzia mtoto wa watu matumaini na kuyaita tiba ya moyo. Tangu siku hiyo nimeona makopo ya namna ile kando ya vitanda vya wazee Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Bunju. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi mnaowatunza wazee majumbani, hasa wale waliokwisha kufika umri ambao Waswahili husema mtu amekula chumvi nyingi.

Tuanze na neno lenyewe. Mwili unapotumia oksijeni kuzalisha nguvu, hubaki na chembe zisizotulia, ambazo hugusa chochote kilicho jirani na kukiharibu. Bilinganya ulilolikata ukaliacha mezani hugeuka rangi kwa sababu ya oksijeni hiyohiyo, na ukilidondoshea ndimu linachelewa kugeuka. Mafuta ya kula yaliyokaa juani huchacha kwa njia hiyohiyo. Ndani ya mishipa ya damu, kolesteroli ikiharibiwa namna hiyo hujikita kwenye ukuta wa mshipa na kuamsha uvimbe, na miaka ikienda mshipa hupungua upana na kuwa mgumu. Antioksidanti ni vitu vinavyozituliza chembe zile, kama ndimu inavyolituliza bilinganya. Vitamini C ni mojawapo, na vitamini E, na karotini inayoipa karoti rangi yake, na likopini ya nyanya, na vingine vingi vilivyomo kwenye majani, matunda, chai na viungo. Mwili nao hutengeneza vya kwake.

Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani, Denham Harman, aliandika kwamba kuzeeka kwenyewe kunatokana na uharibifu wa chembe hizo. Lilikuwa wazo zuri, na limewafungulia watafiti milango mingi. Lakini pia lilizaa biashara kubwa: ikiwa uharibifu ndio unaotuzeesha, basi tumeze kinachouzuia, kwa wingi, kila siku.

Wazo hilo likapimwa, na watu wengi wakashiriki kulipima. Huko Finland wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waligawiwa vidonge vya karotini au vya vitamini E au vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliomeza karotini waliugua saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Mwaka 2002 Waingereza walitoa matokeo ya watu 20,536 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, waliopewa mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E na karotini kwa miaka mitano. Vitamini zilipanda kwenye damu zao, hilo lilionekana maabara. Lakini mishtuko ya moyo haikupungua, viharusi havikupungua, vifo havikupungua. Utafiti mwingine uliowafuatilia wagonjwa wa moyo na kisukari waliovuka miaka 55, wakimeza vitamini E, haukuona kinga yoyote ya moyo, na walipoendelea kufuatiliwa ikaonekana kwamba waliomeza walipata moyo kushindwa kazi zaidi ya wasiomeza.

Ukikumbuka maneno ya aya hiyo peke yake, utakuwa umeokoa pesa nyingi.

Kuna wanaouza kwa kutaja namba: chakula hiki kina antioksidanti mara kumi ya kile. Watafiti wa Norway walipima vyakula zaidi ya 3,100 na kutoa orodha yao mwaka 2010. Karafuu, hii tunayoijua ya Pemba na Unguja, ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza. Ni habari ya kutufurahisha, lakini pilau nzima hutiwa karafuu chache tu. Namba ya maabara haisemi ni kiasi gani kimeingia mwilini wala kimefanya nini huko. Idara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuwa na jedwali la namba kama hizo, na mwaka 2012 ikaliondoa kwa sababu wauzaji walikuwa wakilitumia vibaya.

Sasa mbona watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi huwa na mioyo mizima zaidi? Kwa sababu fungu la mchicha halileti antioksidanti peke yake. Linaleta potasiamu inayosaidia kushusha presha, nyuzinyuzi zinazopunguza kolesteroli, magnesiamu, na chumvi asilia za majani ambazo mwili huzigeuza kuwa kitu kinachoilegeza mishipa. Tena likijaa kwenye sahani linachukua nafasi ya chipsi. Kidonge hakiwezi kufanya hayo yote. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, sawa na viganja vitano hivi. Nikitazama sahani za wazee wetu, wali umejaa na mboga ni kijiko kimoja pembeni, kana kwamba ni pambo.

Nasi wa Temeke na Kinondoni hatuna udhuru wa kukosa. Ukishuka Mbagala Rangi Tatu au ukipita soko la Tandale unakuta matembele, mchicha, majani ya maboga, kisamvu, mnafu, mlenda, bamia, nyanya chungu. Mwenye kiwanja kidogo Toangoma au Mabwepande anaweza kuchomeka vikonyo vya matembele kwenye gunia la udongo, akavuna kwa miezi bila kununua tena. Napendelea hilo kwa sababu nyingine pia: mboga zinazolimwa mabondeni kando ya mito michafu ya jiji zinaweza kubeba uchafu wa viwandani ambao maji ya bomba hayauondoi. Muulize muuzaji mboga yake inatoka wapi. Pera lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Ubuyu mweupe usiopikwa na sukari nao ni tajiri wa vitamini hiyo. Zambarau na komamanga zina rangi ileile ya zambarau na wekundu ambayo watu hulipia maelfu ikiwa kwenye kopo.

Shida yetu kubwa iko jikoni. Tunakata mboga kwanza, halafu tunaiosha mara tatu, halafu tunaichemsha, halafu tunamwaga maji ya kijani. Vitamini C huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu, kwa hiyo kilichobaki kwenye sufuria ni nusu ya ulichonunua. Osha majani yakiwa mazima, ndipo ukate. Tia kwenye sufuria yenye maji kidogo, funika, dakika chache yanatosha. Karotini na likopini zenyewe zina tabia tofauti: haziogopi sana moto, na zinahitaji mafuta kidogo ili mwili uzipokee. Nyanya iliyopikwa rojo na kijiko cha mafuta inatoa likopini vizuri kuliko nyanya mbichi. Kwa hiyo matembele ya karanga, chakula cha bibi zetu, yamekamilika yenyewe: majani, mafuta mazuri ya karanga na protini, na mzee asiye na meno anayala bila taabu. Chagua tu karanga zisizo na ukungu. Kisamvu ndicho kisichofuata kanuni ya dakika chache. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, lazima yatwangwe na kuchemshwa vya kutosha.

Tui la nazi sitawakataza watu wa Pwani, maana sitasikilizwa na pia sioni haja. Ila mafuta yake mengi ni yale mazito yanayopandisha kolesteroli. Tui jepesi la maji ya pili linatosha kwa mboga ya kila siku, na tui zito lingoje sikukuu.

Sasa chumvi. Chumvi ndiyo inayowaangusha wazee wetu, kuliko upungufu wa antioksidanti yoyote. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na humo imo yote: ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya kwenye dagaa, ya kwenye viungo vya mchuzi vinavyouzwa kwa pakiti. Mzee hupoteza ladha ulimini kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo huongeza chumvi mezani ili aone chakula kina maana. Ukimnyang'anya kijiko bila kumpa badala yake, ataacha kula, na mzee wa miaka 85 anayekonda yuko hatarini vilevile. Mpe badala yake: ndimu, ukwaju, vitunguu saumu, tangawizi, bizari, kotmiri, pilipili kama tumbo linakubali. Kwetu ilichukua wiki tatu hivi hadi mama akaacha kulalamika. Ng'onda na dagaa wa chumvi walowekwe usiku, maji yamwagwe, ndipo wapikwe.

Na magadi! Hili halisemwi vya kutosha. Kwa sababu mzee hana meno, tunamlainishia maharage, makande na mlenda kwa magadi, tukidhani tunamsaidia. Magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, na zaidi ya hapo huharibu vitamini ambazo ndizo tulizozitafuta. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa moto wa taratibu au kwenye sufuria ya presha. Yatalainika.

Huko China watu 20,995 wa vijiji 600, wengi wao waliowahi kupata kiharusi, walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha viharusi vimepungua kwa asilimia 14. Katika tafiti za vidonge vya antioksidanti nilizozitaja, hakuna ulioonyesha hivyo. Chumvi ya aina hiyo utaikuta katika baadhi ya maduka makubwa ya jijini, lakini usimpe mzee mwenye figo dhaifu, wala anayemeza enalaprili, losatani au spironolaktoni, kabla ya kumwuliza daktari. Potasiamu ikizidi kwenye damu huweza kusimamisha moyo.

Nisipotaja dawa nyingine nitakuwa nimewadanganya. Mzee anayemeza wafarini, labda kwa sababu ya valvu au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, asiache mboga za majani, ila azile kwa kiasi kilekile kila wiki, maana vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa. Vidonge vya vitamini E kwa mtu huyo ni hatari zaidi, damu inaweza kukosa kuganda. Balungi nalo linagombana na baadhi ya dawa za kolesteroli na za presha. Na zile dawa za magoti! Diklofenaki na ibuprofeni wazee wetu hununua dukani kama pipi, wakati dawa hizo hupandisha presha, hujaza maji miguuni na kuchosha figo. Kwa maumivu ya kawaida paracetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu viharusi katika maeneo mawili ya nchi yetu, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na hapa Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata kiharusi watu 109 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam, 316. Karibu mara tatu. Na huko Hai kwenyewe, wazee waliovuka miaka 70 walipopimwa, karibu saba katika kila kumi walikuwa na presha ya juu, na wengi hawakujua. Presha haina maumivu. Mzee anayengoja kichwa kiume ndipo ameze dawa anangoja kitu ambacho huenda kisije kabla ya kiharusi.

Nasikia watu wakisema, akishafika 80 mwacheni apumzike, asisumbuliwe na dawa. Jibu lipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 uliwachukua watu 3,845, wote wenye miaka 80 na kuendelea, presha ya juu ikiwa 160 au zaidi. Nusu walipewa dawa za presha za bei nafuu, lengo likiwa kushuka hadi 150 kwa 80. Ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wakiishi zaidi: vifo vilipungua kwa asilimia 21, na moyo kushindwa kazi kulipungua kwa asilimia 64. Wale walikuwa wazee wenye nguvu kiasi. Aliye dhaifu sana, anayeanguka mara kwa mara, daktari atampangia kiwango chake. Kwa hiyo mpime ameketi, ametulia dakika tano, miguu iko sakafuni, mkono umeegemea usawa wa moyo. Halafu mpime tena akiwa amesimama dakika moja hadi tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mweleze daktari, maana hapo ndipo kizunguzungu na kuvunjika nyonga hutokea.

Mzee asikae kitako kutwa. Ainuke kitini na kuketi mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, atembee hadi kwa jirani. Apate yai, maharage, samaki au maziwa kila siku, kwa sababu misuli yake inapungua na moyo unataka misuli. Ugoro na moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ondoeni. Chai ya rangi yenye iliki na karafuu ina antioksidanti zake na haina ubaya, sukari ipunguzwe, na inywewe mbali na mlo ili isizuie madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukalegea, maneno yakakwama, usimpake mafuta, usimwite mtu wa upepo, usimpe maji wala kidonge. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na ukumbuke dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Miguu ikivimba na akawa hawezi kulala bila mito mitatu, huo pia ni moyo, usisubiri siku ya kliniki.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua matibabu bila malipo kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa wako, kisha kwa afisa ustawi wa jamii, upate kitambulisho cha mzee wako, na ukifika hospitali ya Temeke au Mwananyamala uliza dirisha la wazee. Akihitaji wataalamu wa moyo, daktari wa hapo atampa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoko katika eneo la Muhimbili.

Binamu yangu nilimpigia simu, nikamweleza yote bila kumlaumu. Tukakubaliana kwamba anachotaka kumpa shangazi yake kila mwezi kiende kwenye dawa za presha, mayai na matunda. Mama sasa anasoma 146 kwa 78, na matembele ya kwenye gunia anayachuma mwenyewe.

Nakuomba, ndugu msomaji: Jumamosi hii nenda kwa mzee wako, mwamkie, kisha mwombe akuonyeshe kikapu chake cha dawa. Hesabu vidonge vilivyobaki. Mpime presha mara mbili, uandike namba kwenye daftari pamoja na tarehe, na daftari hilo liende naye kliniki.